Likizo ya Kwanza kwenye Ranchi ya Farasi Marekani: Namna ya Kuipanga

Ranchi ya wageni ni shamba la farasi, na mara nyingi la ng'ombe pia, magharibi mwa Marekani, linalopokea watu wa kulala, kula na kupanda farasi kwa wiki nzima kwa bei moja. Wamarekani huiita dude ranch, na hilo ndilo jina la kuitafutia kwenye intaneti. Halina undugu na dude letu la Kiswahili. Makauboi wa karne ya 19 walimwita hivyo mtu wa mjini aliyevaa vizuri na asiyejua kazi za shamba. Ndugu watatu wa ukoo wa Eaton, Howard, Alden na Willis, walianza kupokea wageni wa kulipa mwaka 1882 karibu na Medora, katika eneo ambalo leo ni Dakota Kaskazini. Mwaka 1904 walihamia Wolf, Wyoming, na ranchi yao ipo hadi leo. Wenye ranchi za namna hii waliunda chama chao, Dude Ranchers' Association, mwaka 1926. Orodha ya wanachama wake ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta.

Kinachoamua kama wiki hiyo itakuwa tamu au chungu ni farasi utakayepewa na uhuru utakaokuwa nao ukiwa juu yake. Kitanda, bwawa la kuogelea na chakula vinafuata nyuma. Wengi huchagua kwa picha za vyumba, kisha siku ya pili wanagundua kwamba watapanda saa moja tu kwa siku, farasi kumi kwenye mstari mmoja, wakitazama mkia wa aliye mbele. Kwa hiyo mpango wote ulio hapa chini unaanzia kwa farasi.

Aina ya ranchi kwanza, jimbo baadaye

Kuna aina tatu, na matangazo huzichanganya makusudi.

Ya kwanza ni ranchi ya wageni ya jadi. Huwa na wageni kama 20 hadi 50, wote wakiingia na kutoka siku moja, kwa kawaida Jumapili hadi Jumamosi au Jumapili hadi Jumapili. Mnakula pamoja, mnapanda asubuhi na alasiri, na watoto wana walezi wao. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, hii ndiyo tunayoipendekeza karibu kila wakati. Kwa kuwa wote mmeanza pamoja, waongozaji wanamjua kila mmoja kwa jina na kwa uwezo ifikapo Jumatano, na ndipo wanapoanza kumfungulia mlango wa kufanya zaidi.

Ya pili ni ranchi ya ng'ombe inayofanya kazi kwelikweli. Mgeni hufuata ratiba ya mifugo. Mwanzo wa kiangazi ng'ombe hupandishwa malisho ya milimani, na ndama hupigwa chapa. Vuli ikifika, Septemba na Oktoba, hukusanywa na kuteremshwa. Saa sita juu ya tandiko ni jambo la kawaida, chumba kinaweza kuwa cha kawaida sana, na mvua haiahirishi kitu. Ni mahali pa mtu ambaye tayari anaweza kumtawala farasi kwa mwendo wa shoti, yaani mbio, uwandani.

Ya tatu ni hoteli ya kifahari iliyojipa jina la ranchi. Ina vyumba vya starehe, sehemu ya kukandwa mwili na orodha ndefu ya mvinyo, lakini farasi huenda akatozwa pembeni, kwa saa. Inamfaa anayetaka kupumzika na kumgusa farasi mara mbili tatu. Tatizo huja pale mtu anapoilipia akidhani amenunua ile ya kwanza.

Majira na mahali

Montana, Wyoming, Idaho na Colorado hufanya kazi mwishoni mwa Mei hadi Septemba au mwanzo wa Oktoba, kwa sababu ya theluji. Juni nyasi ni mbichi na maua yamejaa, lakini mito imefurika maji ya theluji inayoyeyuka, njia za juu huenda bado zimefungwa, na mbu ni wengi. Julai na Agosti ndiyo miezi ya familia: joto zuri, bei ya juu, nafasi chache. Septemba ranchi nyingi hutenga wiki za watu wazima pekee. Hewa ni kavu, wadudu wamepungua, na Colorado majani ya miti ya aspeni hugeuka manjano katika nusu ya pili ya mwezi. Usiku barafu inaweza kutanda juu ya nyasi. Kwa watu wawili wasio na watoto, Septemba haina mpinzani.

Arizona ni kinyume chake. Msimu ni Oktoba hadi Mei, kwani kiangazi joto la jangwani hupita nyuzi 40 na hakuna anayestahili kupandishwa farasi katika hali hiyo, wala farasi mwenyewe. Ranchi nyingi ziko Wickenburg, kaskazini-magharibi mwa Phoenix, na kuzunguka Tucson. Texas, mji wa Bandera ulio mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka San Antonio hujiita mji mkuu wa makauboi duniani, na huko wanapokea wageni mwaka mzima, hata kwa siku mbili au tatu.

Angalia pia kimo. Wickenburg iko takriban mita 600 juu ya bahari, ilhali ranchi nyingi za Colorado ziko mita 2,400 na kuendelea. Mtu anayetoka pwani na kufikia huko siku hiyohiyo huenda akaumwa kichwa na kukosa usingizi usiku wa kwanza. Lala usiku mmoja Denver, ambako ni mita 1,600, kisha upande. Usiku huo unakuokoa pia kama mzigo umechelewa kwenye ndege.

Kwa wiki za Julai, weka nafasi miezi tisa hadi kumi na miwili kabla. Ranchi nzuri huwapa wageni wa mwaka uliopita nafasi ya kwanza kurudi wiki ileile, hivyo zinazobaki ni chache kuliko idadi ya vyumba inavyoonyesha. Kama umechelewa, uliza kuhusu wiki ya kwanza ya Juni au mwisho wa Agosti, shule nyingi za Marekani zikiwa zimefunguliwa.

Piga simu kabla ya kulipa

Tovuti haitakwambia yote. Wenye ranchi wamezoea kuulizwa, na namna wanavyojibu inakueleza mengi. Uliza haya:

- Mgeni hupanda mara ngapi kwa siku, saa ngapi kwa jumla, na ni siku zipi farasi wanapumzika? Ranchi nyingi hazipandi kabisa siku ya kuwasili na kuondoka. Wiki ya usiku sita huwa na siku tano za kupanda.
- Kundi moja lina wapandaji wangapi kwa mwongozaji mmoja? Sita au saba ni vizuri. Kumi na wawili ni foleni.
- Nitabaki na farasi mmoja wiki nzima? Hili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu mnyama na mpandaji huzoeana siku ya tatu hivi.
- Kuna ruhusa ya kwenda matiti (mwendo wa kati wa kurukaruka, kasi kuliko kutembea) na shoti, na mtu huthibitisha vipi kwamba anaweza?
- Mnapanda kwenye ardhi yenu, au msitu wa taifa kwa kibali? Kibali cha msituni mara nyingi huwabakiza kwenye njia nyembamba, ambako kwenda kasi hakuwezekani.
- Umri wa chini wa kupanda njiani ni upi, na kikomo cha uzito ni kipi?
- Bei haijumuishi nini: kodi, tozo ya huduma, kuchukuliwa uwanja wa ndege, uvuvi wa kuongozwa, vinywaji vyenye kilevi? Ranchi nyingi hukuruhusu kuja na kinywaji chako.
- Nisiyekula nyama ya nguruwe, au nisiyekula nyama kabisa, mtanihudumia vipi? Mpishi anayepika chungu kimoja kwa watu 30 anahitaji taarifa hiyo wiki kadhaa kabla, si mezani.

Akikujibu harakaharaka kuhusu farasi na kwa kirefu kuhusu vyumba, umeshaelewa.

Hesabu ya fedha

Bei hutajwa kwa mtu mzima mmoja kwa wiki, na kwa ranchi ya jadi mara nyingi huangukia kati ya dola 2,500 na 5,000 za Marekani. Za kifahari hupita hapo kwa mbali. Watoto hulipa pungufu, na mtu anayelala peke yake chumbani huenda akaongezewa.

Chukua mfano wa ranchi ya dola 3,000. Bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 ni desturi, na hiyo ni dola 450 hadi 600. Hutolewa mara moja mwishoni na kugawanywa kwa wafanyakazi wote, pamoja na wale wa jikoni usiowaona. Baadhi ya ranchi huiweka tayari kwenye ankara kama tozo ya huduma, na mgeni asiyeuliza hulipa mara mbili. Weka kodi kulingana na jimbo, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, usiku mmoja wa hoteli mjini, buti na bima. Kabla ya tiketi ya ndege, ile 3,000 inakaribia 4,200. Bora kuijua hesabu hiyo ukiwa nyumbani.

Arubuni huwa asilimia 25 hadi 50, na salio hulipwa siku 30 hadi 60 kabla ya kuwasili. Arubuni mara nyingi hairudishwi. Kama unahitaji viza, usiitume kabla hujapata jibu kwa maandishi: nikinyimwa viza, mtanirudishia, mtanihamishia mwaka ujao, au imepotea?

Bima ya safari isome hadi kwenye maandishi madogo. Kampuni nyingi huhesabu kupanda farasi kuwa mchezo wa hatari na kuuondoa, au huufunika kwa nyongeza ya malipo. Hakikisha neno farasi limeandikwa, na kwamba kubebwa kwa helikopta kumo. Hospitali za Marekani ni ghali kupita kiasi, na ranchi nyingi ziko saa moja au zaidi kutoka hospitali yoyote. Majimbo mengi ya huko, Colorado likiwa mojawapo, yana sheria inayowakinga wenye farasi dhidi ya madai yatokanayo na hatari za asili za mnyama huyo. Ndiyo sababu utatia saini fomu ya kukubali hatari kabla ya kukanyaga zizi, na ndiyo sababu bima ni yako, si yao.

Viza na njia

Mgeni anayehitaji viza huomba ya utalii, B-2, kwa fomu ya DS-160, na ada ya ombi ni dola 185. Foleni ya usaili hutofautiana sana kati ya ubalozi na ubalozi, hivyo anza mapema. Masharti na tozo za nyongeza hubadilika, yaangalie kwenye tovuti ya ubalozi siku unayoomba. Jihadhari na jambo moja hasa. Kwa viza ya utalii unaruhusiwa kulipa ili upande farasi na kusaidia kuswaga ng'ombe kama mgeni. Kufanya kazi ranchini kwa malipo ya chakula na malazi ni ajira, na viza hiyo haikuruhusu. Tangazo la aina hiyo likikujia, achana nalo.

Viwanja vya ndege vya kawaida ni Bozeman na Billings kwa Montana, Jackson Hole na Cody kwa Wyoming, Denver kwa Colorado, Phoenix na Tucson kwa Arizona. Usikodi gari kabla hujaulizia usafiri wa ranchi, maana wiki nzima hutalihitaji. Ukiendesha mwenyewe, pakua ramani kwenye simu ukiwa bado mjini, kisha ufuate maelekezo ya ranchi pale yanapotofautiana na simu. Barabara za mwisho ni za changarawe, na ramani za simu hupenda kukupitisha njia za msituni zisizopitika. Mapokezi huwa alasiri. Ukifika mapema sana utawakuta wakifanya usafi na wageni wa wiki iliyopita hawajaondoka vizuri.

Mwili uandaliwe wiki sita

Saa nne juu ya tandiko kwa siku huchosha misuli ambayo kutembea hakuigusi: ya ndani ya mapaja, ya kiuno na ya tumbo. Mara tatu kwa wiki, chuchumaa na kuinuka seti tatu za 15, egemea ukuta kana kwamba umekaa kwenye kiti kwa sekunde 45, shikilia mwili ulionyooka juu ya viwiko na vidole vya miguu kwa sekunde 40, na unyooshe mapaja kwa kukaa nyayo zikiwa zimekutana. Jipime hivi: simama mbele ya kiti imara, weka mguu wa kushoto juu yake, kisha ujiinue bila kusukuma kwa mikono. Ukiweza mara kumi, utapanda farasi bila shida. Usipoweza, ranchi zina ngazi ndogo ya kupandia, na hakuna aibu kuitumia. Hata makauboi wazoefu huitumia kwa kuwa inaupumzisha mgongo wa farasi.

Masomo matatu hadi matano ya kupanda kabla ya safari yana faida kubwa. Mwambie mwalimu unajiandaa kwa mtindo wa Magharibi. Huko hatamu hushikwa kwa mkono mmoja na farasi huzungushwa kwa kuigusisha hatamu shingoni mwake. Vikuku, yaani sehemu za kukanyagia, huwa virefu zaidi, na tandiko lina pembe mbele. Usimvute farasi mdomo kwa mikono miwili kama uliyezoea mtindo wa Kiingereza, atachanganyikiwa.

Kuhusu uzito, kikomo cha ranchi nyingi ni kati ya kilo 90 na 113, na baadhi huweka mizani. Hili si la kumdhalilisha mtu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 500 anabeba kilo 100. Tandiko la Magharibi lina kilo kama 15, zimebaki 85. Anayezidi hapo anahitaji farasi mkubwa, na farasi wakubwa ni wachache zizini. Ukitaja uzito wa kweli mapema, utatafutiwa wako. Ukificha, unaweza kufika ukakosa wa kukubeba.

Ndivyo ilivyo pia kwa fomu ya uzoefu, na hapa ndipo likizo nyingi zinapoharibika. Mtu aliyepanda mara tano ufukweni anaandika "wastani". Kwa mtu wa ranchi, wastani ni yule anayeweza kumtoa farasi katika kundi, kumpeleka shoti ya polepole uwandani na kumsimamisha bila kushika pembe. Ukijipandisha cheo, unapewa mnyama mwepesi wa kuitikia, anayesikia kila kosa la kisigino chako, na siku ya kwanza inageuka hofu. Andika kwamba wewe ni mgeni wa mambo haya. Farasi wa mtu mgeni ni yule aliyekomaa, mwenye miaka mingi ya kubeba watu, na mwongozaji atakupandisha daraja siku ya tatu akiona unaweza.

Nguo, na sababu zake

Buti ndilo jambo kubwa. Zinatakiwa ziwe na kisigino cha sentimita tatu hivi na soli laini isiyo na meno. Kisigino huzuia mguu kuteleza na kupita ndani ya kikuku, na soli laini huuachia mguu utoke ukianguka. Mtu anayeburutwa na farasi karibu kila mara ni yule ambaye mguu wake ulikwama. Viatu vya kupandia milima vyenye soli nene ya meno ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Buti mpya zivae nyumbani saa moja kila siku kwa wiki mbili. Ranchi kadhaa huwaazima wageni buti, uliza.

Suruali za jinzi ziwe tatu au nne, ndefu kuliko uzoeavyo, kwa kuwa ukikaa juu ya tandiko hupanda hadi kwenye shavu la mguu. Kagua mshono wa ndani ya goti kwa kidole: ukiwa mnene na mgumu, utakuchubua siku ya kwanza. Jinzi za mitindo zinazovutika sana hazikingi ngozi. Ndani yake kaptula ya baiskeli yenye sponji nyembamba, au nguo ya ndani ndefu isiyo na mshono. Mafuta ya mgando yapakwe mapajani na magotini kabla ya kupanda, si baada ya kuchubuka.

Shati la mikono mirefu hukukinga na jua, matawi na mbu. Asubuhi Wyoming, hata Julai, inaweza kuwa nyuzi 5, na saa nane mchana ikafika 27, kwa hiyo vaa tabaka tatu za kuvua moja moja. Koti la mvua ranchi nyingi hukupa na kulifunga nyuma ya tandiko. Usilivae wala kulikunjua ukiwa juu ya farasi bila kumwambia mwongozaji, maana mlio wa plastiki na kitu kinachopepea ubavuni humtisha hata farasi mpole.

Kofia pana iwe na kamba ya kidevuni. Kofia inayopeperuka huwashtua farasi walio nyuma. Na sasa kofia ngumu: wageni wengi huikwepa kwa ajili ya picha. Sisi tunasema ivae, angalau hadi uzoee, na mtoto asipande bila hiyo. Iwe iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi, yenye alama za usalama za Marekani, ASTM F1163 na SEI. Ya baiskeli haifai, kwani haikushushii ulinzi nyuma ya kichwa. Ongeza glavu nyembamba za ngozi, losheni ya jua, mafuta ya midomo na kichupa cha matone ya macho. Hewa ya juu ni kavu, kunywa lita tatu za maji kwa siku hata kama husikii kiu. Umeme ni volti 120 na plagi za pini bapa.

Jumatatu zizini

Mwongozaji atakulinganisha na farasi. Msogelee upande wa bega la kushoto, huku ukiongea ili ajue ulipo. Usipite nyuma yake kwa umbali wa teke. Ukilazimika, pita ukiwa umemgusa kiunoni, au pita mbali kabisa, mita tatu na zaidi.

Urefu wa kikuku uangalie kabla ya kupanda: vidole vikigusa tandiko, kikuku kifike kwapani. Ukiwa juu, simama kwenye vikuku. Kati yako na tandiko ipite ngumi moja. Kikuku kifupi mno huua magoti ifikapo saa nne asubuhi, na wengi huvumilia kimya kwa kuona haya. Sema. Kukirekebisha ni dakika moja.

Mkanda wa tumboni hukazwa mara mbili. Farasi wengi huvuta pumzi na kutunisha tumbo wanapofungwa, kisha baada ya dakika 10 hivi mkanda unalegea. Kundi zuri husimama kukagua. Likisahau, uliza wewe, kwa sababu tandiko linalozunguka hukutupa chini ya tumbo.

Kaa juu ya mifupa ya makalio, si juu ya mfuko wa nyuma wala kinena. Visigino chini, macho yatazame unakokwenda. Ukitazama shingo ya farasi, mabega yako huanguka mbele na mwili mzima hufuata.

Njiani

Acha nafasi ya urefu wa farasi mmoja mbele yako. Karibu kuliko hapo unaomba teke. Mbali sana, farasi wako ataanza matiti kuwafikia wenzake, na anayekufuata naye, hadi foleni yote inakimbia bila aliyeamua. Akiinama kula majani, mvute mara moja kwa nguvu na umsukume kwa miguu. Ukimwachia mara tatu, umemfundisha kwamba wewe ni abiria.

Mlima wa kupanda, inama mbele kidogo. Wa kuteremka, kaa wima na uzito wako ubaki kwenye vikuku. Mwendo wa matiti ndio unaoumiza: lainisha kiuno, achia uzito ushuke visiginoni, na shika pembe kwa mkono mmoja ukihitaji. Shoti ya polepole ni laini kuliko matiti, jambo linalowashangaza wengi.

Akishtuka na kukimbia, mwili wote unataka kupiga kelele na kuvuta hatamu zote mbili. Vyote viwili humwongezea kasi. Kaa nyuma, telezesha mkono mmoja ushuke kwenye hatamu ya upande mmoja, na uivute hiyo peke yake taratibu hadi kichwa chake kigeukie goti lako. Atazunguka duara linalopungua na kusimama. Omba mwongozaji akufundishe hilo Jumatatu, farasi akiwa amesimama. Ukitaka kulifanya kwa mara ya kwanza siku ya hatari, umechelewa. Usilifanye kwa nguvu kwenye mteremko au njia nyembamba, farasi anaweza kuteleza.

Milimani Colorado radi hupiga alasiri nyingi za Julai na Agosti, ndiyo maana safari za vilele vya juu huanza alfajiri na kuteremka kabla ya saa sita mchana. Mwongozaji akigeuza kundi kwa sababu ya wingu dogo, mfuate bila ubishi. Montana na Wyoming kuna dubu, na ukienda kutembea kwa miguu beba kopo la pilipili ya kupuliza. Ndege hazilikubali hata kwenye mzigo mkubwa, linunue au uliazime huko. Mwanzo wa kiangazi kagua kupe mwilini kila jioni, nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu. Mtu huamka hawezi kushuka ngazi. Usiruke siku nzima ya kupanda, maana misuli itakaza zaidi. Panda asubuhi, pumzika alasiri, oga maji ya moto, nyoosha mapaja. Alhamisi maumivu hupungua.

Watoto wachache wanaruhusiwa kupanda njiani kabla ya miaka sita au saba. Wadogo kuliko hapo huzungushwa zizini wakiwa wameshikwa. Mwambie mtoto ukweli huo nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka, bahasha ya bakshishi iachwe ofisini, na kama kuna mwongozaji aliyekulea wiki nzima, mshukuru kwa jina kabla hajaondoka kwenda kazini. Kisha chukua brashi na maji ya sabuni, usugue soli za buti hadi tope na samadi vitoke kabisa, uzikaushe na uzifunge kwenye mfuko peke yake. Forodha za nchi nyingi huuliza kama ulikuwa shambani au karibu na mifugo, kwa sababu viatu husafirisha magonjwa ya wanyama. Marekani nayo hukuuliza hivyohivyo unapoingia, kwa hiyo hata buti ulizozizoesha nyumbani zisafishwe kabla ya safari ya kwenda. Jibu ndiyo, waonyeshe buti safi, na utapita.